Mjomba, niende nisiende?

Wiki hii usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu, na sababu si deni wala si mwenye nyumba. Sababu ni barafu.

Usicheke kwanza. Ninaye mdogo wangu wa kike, tumetoka tumbo moja, anaishi Hamilton huko Canada, mwaka wa 18 huu. Alikwenda na mume na begi moja, leo ana watoto watatu, na huyo wa kwanza, mpwa wangu, anacheza mchezo ambao mimi hadi juzi nilikuwa sijui hata unachezwa na watu wangapi. Wenyewe wanauita hoki. Si ile hoki ya magongo tuliyokuwa tukiwaona Magoa na Masingasinga wakiicheza kwenye viwanja vya klabu zao mjini. Hii ni ya juu ya barafu. Watu 6 kila upande pamoja na kipa, wamevaa viatu vyenye visu chini, wanakimbizana kama wehu wakigombea kidude cheusi cha mpira mgumu, bapa, mfano wa kopo la kiwi.

Sasa Jumapili iliyopita, saa 5 usiku, simu inalia. "Kaka, umelala?" Akianza hivyo huwa najua kuna jambo. Kumbe mtoto anatimiza miaka 16, na timu moja ya ligi ya vijana ya Ontario imemchagua. Inamtaka akaishi mji mwingine, saa 4 kwa gari kutoka kwao, tena nyumbani kwa watu baki. "Shemeji yako anasema aende. Mimi roho inakataa. Wewe ndiye mjomba wake, sema neno."

Kwetu neno la mjomba halitupwi hivi hivi. Lakini mjomba mwenyewe atasema nini juu ya mchezo asioujua? Nikamwambia, mdogo wangu, nipe wiki moja. Wiki hiyo nimesoma mpaka macho yamevimba, nimetazama mechi kwenye simu mpaka bando likaniishia mara 3. Na niliyoyakuta, bwana, nikaona nisiyale peke yangu.

Juu kabisa ipo ligi ya NHL. Ina timu 32, 7 za Canada na 25 za Marekani. Kila timu inaruhusiwa wachezaji 23 kwenye kikosi chake, lakini mikataba inaweza kuwa nayo hadi 50. Sasa wewe piga hesabu. Hao 27 wengine wako wapi? Wako jikoni, wanapikwa.

Kilichonishangaza ni kwamba timu hizo hazilei watoto wadogo. Kwenye soka la Ulaya, Ajax ama Barcelona wanamchukua mtoto wa miaka 9 au 10, wanamlea, wanamlisha, akikua ni wao. NHL haina mambo hayo. Mtoto analelewa na wengine. Ni baba yake anayeamka saa 11 alfajiri kwenye baridi ya kukata masikio ampeleke mazoezini, ni klabu ya mtaani, ni shule, ni hizo ligi za vijana. NHL yenyewe inakuja mlangoni mtoto akiwa na miaka 18, imevaa suti, inabisha hodi. Kwa maneno mengine ni wachumba.

Na posa yenyewe inafanyika mara moja kwa mwaka, wanaiita drafti. Usichanganye na ile ya vifuniko vya soda pale kijiweni. Hii ni mkutano ambamo kila timu kwa zamu yake inataja jina la kijana inayemtaka, na ikishamtaja hakuna timu nyingine ya NHL inayoweza kumgusa. Ya kwanza ilifanyika hotelini Montreal mwaka 1963, wakachaguliwa vijana 21, watu wakaenda kula chakula cha mchana. Siku hizi ni raundi 7, na vijana 224 wanachaguliwa kutoka Canada, Marekani, Sweden, Finland, Urusi, Ucheki na kwingineko. Timu mbovu ndizo zinazotangulia kuchagua. Ila tangu 1995 nafasi za juu zinapangwa kwa bahati nasibu, maana waungwana walishaanza kunong'onezana kwamba wapo wanaofungwa makusudi ili wampate mtoto mzuri.

Kabla ya posa kuna kupimwa. Vijana wanaitwa Buffalo, wanapandishwa kwenye baiskeli isiyokwenda popote na kuambiwa wapige pedali kwa nguvu zote mpaka wengine watapike. Wanaingizwa pia chumbani, wanaume wa timu wamekaa meza nzima, wanaulizwa habari za kwao, tabia, marafiki, walikosea nini msimu uliopita na kwa nini. Nilipoisoma hiyo nikawakumbuka shangazi zetu wanapokwenda kumkagua binti wa watu.

Haya, kijana kataja jina lake, kapanda jukwaani, kavaa jezi na kofia, mama kalia, picha zimepigwa. Unadhani kesho anaanza kazi? Wapi! Kachumbiwa, hajaolewa. Wengi wa hao 224 wanarudi pale pale walipotoka. Wa ligi ya vijana anarudi ligi ya vijana, wa chuo anarudi chuoni, Mswidi anarudi kwao Sweden. Timu ina muda wake maalum wa kumpa mkataba, na muda huo ukipita bila mkataba, kijana yuko huru, uchumba umevunjika.

Hata akipewa mkataba mapema kuna ujanja mwingine. Kijana wa miaka 18 au 19 anaweza kujaribiwa kwenye timu kubwa mechi 9, kisha akarudishwa kwa wenzake bila mwaka wa kwanza wa mkataba wake kuhesabiwa. Mechi ya 10 ndiyo mahari. Ndiyo maana huko, kinda akishacheza ya 9, waandishi wa habari hawalali, wanataka kujua kesho anabaki au anafungashiwa.

Katika kipindi hicho cha uchumba ndipo kazi yenyewe ya kukuza inapofanyika, na hapa nilikaa sana. Timu inaajiri watu, wengi wao wachezaji wastaafu, ambao kazi yao ni kuwazungukia makinda popote walipo. Leo yuko Saskatchewan, keshokutwa yuko Finland. Anatazama mechi, anamchukua kijana kwenda kula, anamwonyesha picha za video: hapa ulichelewa kugeuza kichwa, pale ulikaa upande mbaya wa adui. Mwezi wa 7 wanaitwa wote kambini siku chache, na baadhi ya timu huko kambini zinawafundisha mpaka kununua chakula sokoni na kupika. Naam, kupika! Maana mwanamume wa miaka 19 mwenye pesa asiyejua kujipikia ataishi kwa chipsi, na chipsi haikimbii.

Kisa kilichonifurahisha kuliko vyote ni cha Brayden Point wa Tampa Bay. Mwaka 2014 alichaguliwa wa 79. Kijana mdogo wa umbo, na wasaka vipaji walisema wazi kwamba miguu yake haina kasi. Sasa Tampa wakampeleka kwa nani? Kwa mwanamke. Barb Underhill, bingwa wa dunia wa mwaka 1984 katika ule mchezo wa kucheza dansi ya wawili wawili juu ya barafu, mama aliyekuwa akirushwa hewani na mwenzake na kutua kama unyoya. Huyo ndiye aliyekaa na kijana akimrekebisha namna ya kupinda goti, namna ya kusukuma kisu kwenye barafu, hatua kwa hatua. Mwaka 2020 Tampa walichukua Kombe la Stanley na Point akafunga mabao 14 katika mechi za mtoano pekee. Mwaka uliofuata wakalichukua tena, akafunga mengine 14. Leo akiondoka na mpira wake wa kiwi, mabeki wanabaki kuuliza amepita nani. Huku kwetu ukimpeleka straika kwa mwalimu wa dansi, wanachama watakutia makufuli klabuni.

Baada ya miaka 20 hivi, kama bado hajaiva, kinda anaingia ligi ya pili, AHL. Hii ipo tangu 1936, nayo ina timu 32, kila moja imefungwa kamba na kaka yake wa juu. Detroit wana Grand Rapids, Tampa wana Syracuse, Montreal wana Laval, na Toronto wana Marlies mji ule ule. Si "timu B" ya kusugua benchi. Ni ligi kamili yenye kombe lake, na sheria yake inasema kati ya wachezaji 18 wa mbele na nyuma wanaovaa jezi siku ya mechi, wasiopungua 13 wawe ni wale wenye mechi chache za kulipwa, yaani wanaojifunza bado. Wazee wanaobaki wanawekwa makusudi, wawafundishe watoto kufunga tai, kulala mapema na kutopigana na kila anayewatukana. Wenyewe wanajisifu kwamba karibu asilimia 90 ya wachezaji wa NHL wamepitia kwao. Maisha yake ni basi. Mnacheza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, miji mitatu, mnalala kwenye viti, na huku rafiki yako mliyechaguliwa naye unamwona kwenye televisheni akihojiwa.

Hapo ndipo roho za vijana wengi zinapokatika. Na hapo hapo ndipo Detroit walipojenga jina.

Detroit Red Wings kuanzia 1991 hadi 2016 hawakukosa mechi za mtoano hata msimu mmoja. Misimu 25 mfululizo! Sasa timu inayoshinda kila mwaka inachagua mwisho kwenye drafti, inaachiwa makombo. Wao wakawa mafundi wa makombo. Walikuwa na msaka vipaji mmoja wa Kiswidi, Håkan Andersson, ambaye alikwenda Urusi kumtazama kijana mwingine kabisa, macho yake yakanasa kwa kidogo kimoja chembamba ambacho miaka iliyotangulia hakuna aliyekitaka. Ndiye Pavel Datsyuk. Wakamchukua 1998, nafasi ya 171. Mwaka uliofuata wakamchukua Henrik Zetterberg, nafasi ya 210, huko chini ambako matajiri wengine walikuwa wameshafunga makabrasha. Na hawakuwaita haraka. Datsyuk alikuja Marekani 2001, Zetterberg 2002. Walikomazwa kwao, kwa lugha yao, kwa chakula cha kwao. Zetterberg akawa mchezaji bora wa mechi za mtoano mwaka 2008 walipochukua kombe, na Datsyuk mwaka 2024 ameingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo.

Msemo wa Detroit ulikuwa kwamba kinda aachwe mtini mpaka azidi kuiva. Sisi watu wa maembe tunawaelewa mara moja. Embe lililoanguka lenyewe na lile la kuvundikwa kwenye gunia, hata mtoto wa darasa la 2 anazijua ladha zake. Tomas Tatar walimchagua 2009, akakaa Grand Rapids karibu misimu 4, mpaka 2013 alipowapa kombe la AHL na kuchaguliwa mchezaji bora wa mechi hizo za mwisho. Ile "mvumilivu hula mbivu" tuliyoiandika kwenye insha za shule bila kuiamini, wenzetu wameitia kwenye bajeti. Tusiwasifu kupita kiasi lakini. Kuanzia 2017 Detroit nao wakaanza kuzikosa hizo mechi za mtoano, mwaka baada ya mwaka. Uvumilivu bila maembe mtini ni kukaa chini ya mti tu.

Ukitaka kujua kinyume chake, tazama Edmonton. Hawa jamaa walikuwa wabovu kiasi kwamba walichagua wa kwanza kabisa mwaka 2010, wakachagua wa kwanza 2011, wakachagua wa kwanza tena 2012. Mabinti watatu wazuri wa mji wote nyumba moja! Na bado walimaliza misimu 10 mfululizo bila kuiona hatua ya mtoano. Yule wa 2012, Nail Yakupov, Mrusi mwenye shuti la kutoboa ukuta, aliingizwa moja kwa moja timu kubwa akiwa na miaka 19. Msimu wa kwanza akafunga mabao 17 katika mechi 48, watu wakaimba. Kisha ndani ya misimu 4 akapita mikononi mwa makocha wasiopungua 4, huyu anamwambia shambulia, yule anamwambia rudi ukabe. Mwaka 2016 akauzwa, 2018 akarudi Urusi, NHL ikawa imeisha kwake akiwa na miaka 24. Sisemi angekuwa malaika angepelekwa kwingine. Ila mtoto mwenye makocha wanne ni kama mtoto aliyelelewa na mama wa kambo wanne, kila mmoja ana sheria zake za sebuleni.

Wapo kweli wanaozaliwa wameiva. Connor McDavid, Edmonton hao hao walimchagua wa kwanza 2015, akaingia uwanjani na miaka 18 na hakutoka. Lakini McDavid ni mmoja, na tatizo la dunia ni kwamba kila mzazi anadhani anaye nyumbani kwake.

Mimi mtaani kwetu nimemwona kijana, winga wa kulia, mguu kama upepo. Akiwa na 17 klabu fulani kubwa ikampandisha kikosi cha kwanza, mashabiki wakamvisha mashada. Msimu haukuisha, goti likaenda. Klabu ikamlipia teksi ya kumrudisha kwao. Nasema teksi, si matibabu. Siku hizi anauza vocha na miwani ya jua, na ukimtaja mpira anabadilisha mazungumzo.

Ndiyo maana cha Tampa kilinigusa zaidi ya mabao. Ukiacha huyo Point, walifanya jambo moja la akili. Jon Cooper alikuwa mwanasheria huko Lansing, Michigan, akiwatetea mahakamani watu wasio na uwezo wa kulipa wakili, akaanza kufundisha timu ya sekondari kwa kujitolea. Akapanda ngazi mpaka akapewa timu ya AHL ya Tampa, wakati huo ikiwa Norfolk. Mwaka 2012 Norfolk walishinda mechi 28 mfululizo, hesabu ambayo hakuna timu ya kulipwa ya mchezo huo iliyokuwa imewahi kuifikisha, na wakachukua kombe. Kwenye kikosi hicho alikuwamo Ondrej Palat, aliyechaguliwa nafasi ya 208, na Tyler Johnson, ambaye hakuchaguliwa na mtu yeyote kwa kuwa ni mfupi. Mwaka 2013 Tampa wakamtimua kocha wao mkuu. Walimwita nani? Wakampandisha Cooper, na wale vijana wakapanda naye. Hawakubadilishiwa mwalimu, hawakubadilishiwa somo. Palat, Johnson na Cooper walikuwa pamoja kombe la 2020 na la 2021.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu, maana yeye hajali makombe. Yeye anauliza mwanae atalala wapi.

Ligi za vijana za Canada ziko tatu, zina timu zipatazo 60, na wachezaji wake ni wa miaka 16 hadi 20. Mtoto anapangiwa nyumba ya familia ya mji huo. Ana chumba, anakula mezani na wenye nyumba, anaoga zamu yake, anakwenda shule ya pale, usiku ana saa ya kurudi. Familia inapewa na timu kiasi kidogo cha kumlishia. Wengi wanaondoka na mama wa pili wa kudumu, wanamwalika mpaka harusini. Na si watoto wa kawaida tu. Sidney Crosby alipochaguliwa wa kwanza na Pittsburgh mwaka 2005, na pesa zote zile, aliishi nyumbani kwa Mario Lemieux, mmiliki wa timu na gwiji wa mchezo huo, na mke wake na watoto wao, mpaka 2010. Alikuwa nahodha, kishachukua Kombe la Stanley 2009, bado anakaa kwa watu! Timu ilijua kwamba kijana wa miaka 18 peke yake kwenye jumba ni sawa na kibiriti juu ya petroli.

Lakini nisimfiche ndugu yangu upande wa pili. Mwaka 1996 Sheldon Kennedy, mchezaji wa NHL, alijitokeza akasema kwamba alipokuwa kijana huko Swift Current, kocha wake Graham James alimwingilia kimwili kwa miaka. Januari 1997 kocha huyo alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Huyu alikuwa kocha mwenye sifa, wazazi walimwamini, na ndiye aliyeshika funguo za ndoto ya mtoto. Ndiyo sababu mtoto alinyamaza. Baadaye Kennedy mwenyewe aliingia katika kazi ya kuelimisha makocha na wazazi juu ya mambo hayo, na taratibu nyingi zimekazwa. Lakini kinda yeyote aliye mbali na kwao, ambaye kesho yake imo mkononi mwa mtu mmoja, yuko mahali pa hatari, iwe Saskatchewan iwe Mbagala. Na barabara ipo pia. Tarehe 6 Aprili 2018 basi la vijana wa Humboldt liligongana na lori, wakafa watu 16. Nilipofika hapo nilizima simu nikatoka nje kuvuta hewa.

Hesabu nayo haina huruma. Timu 60, kila moja na vijana 20 na kitu. Drafti inachukua 224 dunia nzima. Katika hao 224, wengi hawataishi kwenye NHL, watapita AHL, watakwenda Ujerumani au Slovakia, watarudi kuuza magari. Kwa hiyo swali la shule si la pembeni. Kwa miaka mingi ligi za vijana za Canada zilikuwa na mtego: ukizicheza, vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa vinakufungia mlango, maana walihesabu umeshalipwa. Mtoto wa miaka 16 alitakiwa achague njia moja na kuiua nyingine. Mwaka 2024 wakuu wa michezo ya vyuo hivyo walibadili kanuni, na kuanzia Agosti 2025 aliyecheza huko anaweza kwenda chuo na kucheza. Ligi zenyewe nazo zina utaratibu wa ada. Ile ya magharibi, WHL, inasema msimu mmoja uwanjani ni mwaka mmoja wa masomo kulipiwa.

Habari hiyo ya vyuo ndiyo iliyonipa pumzi. Jumamosi nikapiga mimi mwenyewe. Nikamwambia mdogo wangu, mimi sisemi aende wala asiende kabla hujafunga safari. Nenda uione nyumba. Uliza nani mwingine analala humo. Uliza kocha anakaa faragha na watoto, au kuna mtu wa pili daima? Mwulize mkuu wa timu, mbele ya mumeo, mwaka jana watoto wangapi wa miaka 16 walicheza na wangapi walikaa jukwaani wakitazama, maana mtoto wa kutazama anaweza kutazamia kwao. Na ada ya chuo iwe kwenye karatasi, si mdomoni. Na kijana apigiwe simu kila siku, si na wewe tu, na mimi pia.

Akanyamaza. Kisha nikasikia, "Ongea na mjomba wako." Sauti ikaja, nzito, sikuitambua. Alivyoondoka kwetu likizo ya mwisho ilikuwa bado ya kengele.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mjomba, niende nisiende?"

"Unajua kupika?"

"Tambi."

"Tambi na nini?"

"Tambi tu."

Nikamwambia ampe mama yake simu.

Basi Jumamosi ijayo wanakwenda, yeye na shemeji, saa 4 kwenda na saa 4 kurudi, kumwona huyo mama mwenye nyumba. Mdogo wangu ameshanunua mchele na viungo, anapika pilau sufuria nzima, maana huwezi kwenda kuwaona watu watakaokaa na mwanao mikono mitupu. Amesema akishamwona mama yule anavyoipokea hiyo sufuria, atajua la kufanya. Nami nakaa karibu na simu. Tukutane wiki ijayo, Mungu akitujalia.